Msumari Uliomngoja Orrin

Katika ukumbi wa kikosi cha filimbi na ngoma cha Cutler's Landing, mji mdogo wa bondeni kando ya mto, kuna ubao mrefu wa mwaloni, umepigiliwa misumari toka mwisho hadi mwisho. Kila msumari una filimbi yake, na kila filimbi ina kibati cha shaba chenye jina la mtu. Mpiga filimbi anayeona mambo yamemfika shingoni haandiki barua wala hafanyiwi sherehe. Anaingia siku ya mazoezi, anatundika filimbi yake, anakunywa bia moja amesimama, anatoka. Waliobaki wanatazama viatu vyao. Ndiyo desturi yao, na haijapata kuvunjwa ila na mzee mmoja aliyetundika, akasahau kwamba ametundika, akarudi Jumanne iliyofuata akaichukua, akapiga miaka kumi na mmoja mingine.

Sasa, Jumanne moja ya mwezi wa Juni, Orrin Bushnell aliingia ukumbini akakuta msumari mpya unametameta mwishoni mwa ubao. Chini yake jina lake limeandikwa kwa chaki.

"Nani mshenzi kapigilia hiki kitu?"

"Mimi," alijibu Stash Zawadzki, mpiga ngoma, bila kuinua macho kutoka kwenye kamba za ngoma yake alizokuwa anazikaza. "Nimeona nafasi zinakwisha. Nikasema nikuwekee mapema, usije ukasumbuka."

"Siku nikitundika kitu hapo, Stash, kitakuwa kichwa chako."

"Kizito, kitang'oa ubao. Lakini wewe tena, kwa kung'oa hujambo."

Orrin alicheka, akajuta. Kicheko kilifungua mdomo, upepo wa Juni ukaingia, ukapita juu ya meno kama mtu anayepitisha fimbo kwenye uzio wa chuma. Akakaa chini akashika taya kwa mikono miwili, akangoja maumivu yaishe. Stash naye akarudi kwenye kamba zake. Walikuwa marafiki tangu wana miaka tisa, na Stash alijua vizuri utani unaishia wapi.

Orrin alikuwa tarishi mstaafu wa posta, wa miaka sitini na minane, mwenye miguu ya korongo. Kwa miaka arobaini na mmoja yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha. Kwenye gwaride la Julai, vikosi vinapojipanga mbele ya kanisa na makofia yao ya pembe tatu, kiongozi hutaja wimbo, ngoma hunyamaza, kisha filimbi moja hutoa sauti ya kwanza ili nyingine ziifuate. Hiyo moja ilikuwa yake. Alikosa gwaride moja tu maishani, la mwaka uliopita, alipokaa kando ya barabara kwenye kiti cha kukunja, mfuko wa njegere zilizoganda umefungwa shavuni kwa skafu ya mkewe. Watu walidhani ni vazi la kihistoria, wakampiga picha.

Chanzo kilikuwa kupe. Kupe wa bonde lile ni mdogo kama punje ya ulezi, lakini ana tabia za sultani: anakaa, anakula, haondoki mpaka ashibe. Ng'ambo ya mto kuna mji wa Lyme, ambao ugonjwa anaoambukiza kupe huyo umechukua jina lake, na wenyeji wake hawajawahi kufurahia heshima hiyo. Kila mtu pale huchomeka suruali ndani ya soksi, na jioni watu hukaguana. Orrin na mkewe Lorraine walikuwa wamechambuana kila jioni ya kiangazi kwa miaka thelathini na minane, kama nyani wawili waliofunga ndoa kanisani. Hata hivyo mmoja aliwapita. Goti la Orrin likavimba kama boga, daktari akapima damu, akasema ni Lyme, akampa vidonge vya wiki nne. Goti likanywea. Wiki moja baadaye, asubuhi njema, Orrin akapiga funda la kahawa yenye barafu, akaruka juu kiasi kwamba paka alihama nyumba siku mbili.

Alikwenda kwa Daktari Imelda Furtado, aliyemtazama meno kwa miaka ishirini. Daktari Furtado ni mwanamke mfupi sana. Husimama juu ya kreti la soda ili afike mdomoni mwa mtu. Akapiga picha, akagonga jino moja moja kwa kijiti, akapuliza hewa baridi, akachokoa fizi pande zote.

"Orrin, haya meno ni mazima. Fizi nazo safi. Ukizikwa leo, wakakufukua baada ya miaka elfu, watasema huyu alikuwa anapiga mswaki."

"Sasa yananiuma kwa nini?"

"Sijui. Lakini umetoka kuugua Lyme juzi tu. Ugonjwa ule unaweza kuchokoza mishipa ya fahamu ya uso. Nataka ukamwone daktari wa mishipa, huko mjini Hartford."

"Lyme ni goti, daktari."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu!"

Na hilo ndilo kosa la watu wa bonde lile. Wameishi na ugonjwa huo kama mtu anavyoishi na mama mkwe ghorofani, hata kila mmoja anaamini anamjua ndani nje. Kinyozi atakupima huku anakunyoa. Muuza mbao atakutajia vidonge. Stash aliupata kwenye goti. Lorraine aliupata begani. Mchungaji uso ulimpinda wiki tatu, akahubiri kwa upande mmoja wa mdomo, na waumini wakashukuru kwamba mahubiri yamekuwa nusu. Lakini meno? Hakuna aliyewahi kusikia Lyme ya meno, na kitu ambacho Cutler's Landing haijakisikia, basi hakipo. Mazoea yana taabu.

Kwa hiyo Orrin hakwenda Hartford. Alianza kutafuta mchawi wake mwenyewe. Kwanza aliishuku filimbi. Ilikuwa ya mpingo, mzito, mweusi, uliosafiri kutoka pwani ile ile iliyowahi kuleta pembe bondeni, maana mababu wa bondeni walikuwa wanachonga vibao vya piano kwa meno ya tembo yaliyoshushwa kutoka melini, yametoka Zanzibar. Babu yake Orrin alifanya kazi hiyo hadi mapafu yake yakajaa unga mweupe.

"Unaona?" Stash alimwambia. "Ni tembo. Wamefanya kikao, wakasema tuanze na mjukuu wa Bushnell."

Orrin akaacha mpingo, akajaribu filimbi ya plastiki. Stash akasema inalia kama bata aliyekanyagwa. Na meno yaliuma vilevile.

Akasukutua maji ya chumvi. Akatafuna karafuu mpaka chumba cha kulala kikanuka biriani. Jirani mmoja alimpa mafuta ya dubu, kwa kiapo. Mwingine alimshauri alale na viazi viwili chini ya mto, na Orrin alilala navyo siku nne, kisha Lorraine akavichemsha. Siku nyingine maumivu yalikuwa mvumo mdogo tu, kama friji la jirani. Siku nyingine yalichoma. Kuna siku yalikuwa juu kulia, kesho yake chini katikati, keshokutwa fizi nzima zinawaka kama amekula pilipili usingizini. Kabla ya mvua yalianza juu kulia, kabla ya ukungu chini kushoto, wala hayakukosea. Wakulima wakaanza kupiga simu asubuhi kabla ya kukata nyasi. Bibi harusi mmoja wa mji wa pili aliahirisha harusi kwa sababu ya taya la Orrin, na Jumamosi aliyoikwepa upepo uling'oa mahema matatu. Msiponiamini mimi, waulizeni wenye mahema.

Kilichomuuma kuliko yote, ukiacha meno yenyewe, ni mahindi. Julai bila mahindi ya kuchemsha, umeshika gunzi, siagi inakutiririka kwenye viwiko, si Julai. Lorraine alimkwangulia punje kwa kisu akamwekea kwenye bakuli na kijiko.

"Mimi si kuku," alisema Orrin.

"Kuku ana shukrani," alisema Lorraine.

Mwezi wa Novemba aliona basi. Alivuka mto kwa daktari mwingine wa meno, kijana mwenye kiti cha ngozi na mkono mwepesi, ambaye alimsikiliza dakika tano, akamng'oa jino la chini kushoto, la tano ukihesabu kutoka katikati. Zikafuata siku tisa za raha. Orrin alikula tufaha. Alipiga mluzi. Siku ya kumi maumivu yakarudi, yamehamia jino la pili yake, kama mpangaji aliyefukuzwa chumba kimoja akagonga mlango unaofuata. Jino lililong'olewa alilihifadhi kwenye kikopo kidogo cha bati, akawa anatembea nalo mfukoni. Wengine hubeba rozari.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Jumanne ile ya msumari. Alijaribu kupiga mazoezini. Midomo ya mpiga filimbi huegemea meno ya mbele ya chini kama mlevi anavyoegemea ukuta; ukuta ukitetemeka, hakuna wimbo. Alitoa sauti ya kwanza, ikatoka safi. Alitoa ya nane, machozi yakamjaa. Kwenye ya kumi na mbili akashusha filimbi. Na kikosi kile kina sheria moja iliyo ngumu kuliko zote: mtu atakayeshusha filimbi peke yake barabarani, wenzake wanaendelea, huyo atundike. Pale ukumbini haikuhesabika. Barabarani ingehesabika.

Usiku ule ule akapanga jambo lake, na asubuhi akamtangazia Lorraine wakiwa wanakula uji wa shayiri.

"Nang'oa manne ya mbele. Chini. Yule wa ng'ambo ananifanyia Jumatatu, ananiwekea ya bandia siku hiyo hiyo. Nina wiki tatu za kuyazoea kabla ya gwaride."

Lorraine alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini. Aliweka kijiko chini taratibu.

"Uliondoa moja, maumivu yakahamia la jirani."

"Ndiyo."

"Ukiondoa manne yatahamia wapi?"

"Hayatakuwa na pa kwenda."

"Yana meno ishirini na matatu ya kwenda, Orrin. Nimeyahesabu ukikoroma."

"Sikai tena kwenye kile kiti cha kukunja, Lorraine. Bora nipige na meno ya plastiki kuliko nisipige kabisa."

"Na usipoweza kupiga nayo?"

Orrin alikoroga uji wake. Alijua, na mkewe alijua, kwamba meno ya mbele yakishatoka hayarudishwi kwa gundi, na mpiga filimbi asiye na meno ya chini ni birika lililotoboka. Msumari ulikuwa pale unangoja. Lakini maumivu ya mwaka mzima humfundisha mtu hesabu yake mwenyewe, na hesabu hiyo haifundishwi darasani.

"Sikuendeshi," Lorraine alisema mwishowe. "Nimewahi kukuendesha kwenda kwenye ujinga, lakini zamani nilikuwa sijui."

Kwa hiyo aliyemwendesha ni Stash. Walivuka kwa kile kivuko kidogo kinachobeba magari manane, Stash akiimba njia nzima, na alikuwa haimbi ila akiwa na hofu. Orrin alikaa na kikopo chake mkononi, anakigeuza geuza.

"Bado unaweza kurudi," Stash alisema katikati ya mto.

"Kivuko hakigeuki katikati."

"Nitampa nahodha sandwichi yangu."

"Endesha, bwana."

Yule daktari kijana aliwakaribisha kwa tabasamu la meno mengi. Stash aliruhusiwa kukaa pembeni kwa masharti ya kunyamaza. Orrin akalazwa kwenye kiti cha ngozi, akafungwa kitambaa cha karatasi shingoni, taa ikawashwa. Sindano za ganzi zilikuwa zimepangwa kwenye sinia kama samaki wadogo.

"Haya, mzee," alisema daktari. "Nitaanza na linalouma zaidi. Funga macho utulie. Halafu weka kidole juu yake kabisa."

Orrin akafumba macho. Akasikiliza mdomo wake kama alivyowahi kusikiliza vikosi vingine kutoka mbali, kujua kipi kinakuja kwa barabara gani. Pale katikati, meno manne ya mbele, leo yalikuwa kimya kidogo. Mvumo ulitoka upande. Akapeleka kidole taratibu, akafuata moto hadi shina lake, akabonyeza.

Daktari akainama kutazama. Kisha kwenye kona kukatoka sauti ya mtu anayezuia kicheko kwa kofia.

"Nini?" Orrin alifumbua macho.

"Mzee," daktari alisema, "umeshika pengo."

Orrin alibonyeza tena. Kidole kilikuwa kimezama kwenye fizi laini, mahali alipong'olewa mwezi wa Novemba. Na pale pale ndipo palipokuwa panauma kuliko mahali popote duniani, kama jino lipo, refu, zima, lina mzizi hadi kidevuni. Akachomoa kidole. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kikopo, akakifungua, akatazama. Jino lilikuwa limelala humo, kavu, halina habari.

"Liko hapa," alisema polepole. "Liko hapa, na linauma."

"Basi aling'oe humo kwenye kopo!" alisema Stash, masharti yakiwa yamemshinda.

Daktari akakohoa. Akasema hiyo ni hofu tu, huwatokea wengi, na kwa kuwa muda umeshatengwa wangeweza kuendelea na yale manne. Orrin alimtazama. Akatazama sinia. Lorraine alikuwa amemwambia jambo hilo hilo kwa hesabu, Daktari Furtado kwa picha, Stash kwa matusi, na hakuna aliyemwingia. Sasa kidole chake mwenyewe kilikuwa kimemshuhudia. Jino limeondoka, maumivu yamebaki. Basi maumivu hayakuwa mpangaji wa jino. Yule aliyekuwa anamfukuza hakuwahi kuishi humo.

Akasimama, akatoka na kitambaa cha karatasi bado kifuani. Walipofika kwenye kivuko ndipo alipokikumbuka.

Daktari Furtado aliwapokea siku ile ile jioni, juu ya kreti lake. Alisikiliza kisa chote bila kucheka, jambo lililomgharimu sana, mabega yalimsaliti.

"Waya," alisema. "Kengele ya mlango inalia, unakwenda kufungua, hakuna mtu. Umeng'oa mlango. Kengele bado inalia. Kilichoharibika ni waya."

"Na waya umeharibiwa na Lyme?"

"Inawezekana. Nikikwambia nina hakika nitakuwa nakudanganya. Mwingine hupata hivi bila hata kupe. Lakini uso wa mchungaji, Orrin, ulidhani ulipindwa na nini? Na mahubiri?"

Wiki tatu nzima Orrin alikuwa amekaa safu ya pili kanisani, anatazama jibu lake likihubiri kwa upande mmoja.

Safari hii alikwenda Hartford. Daktari wa mishipa alimgusa uso kwa pamba na kwa pini, akarudia vipimo, akampa kidonge kidogo cha kutuliza mishipa, cha kumeza kila jioni, akamwambia mambo mawili ambayo Orrin aliyapenda kwa kuwa hayakupambwa: kwamba huenda yatapungua, na kwamba huenda yasiishe. Furtado naye akamchongea kikinga laini cha kuvaa usiku, maana alikuwa anasaga meno usingizini kama mtu anayetafuna deni la ukoo. Akamkataza karafuu, zilikuwa zinaunguza fizi. Akamwambia anywe vya uvuguvugu, apige mswaki laini, apumzishe mdomo kabla haujalia badala ya baada.

Baada ya wiki mbili maumivu yalikuwa nusu. Nusu si haba. Ukimpa mtu nusu ya usingizi baada ya mwaka wa kukesha, anakuona malaika. Waliolalamika ni wakulima peke yao: utabiri ulianza kukosea, na mmoja alilowesha nyasi za ekari sita.

Kwenye filimbi, Orrin sasa alijua kipimo chake. Alijipima jikoni kwa saa ya mayai: dakika moja ya kupiga, dakika moja ya kupumzika, angeweza kwenda hivyo mchana kutwa. Dakika mbili mfululizo, moto. Na kutoka kanisani hadi uwanjani, kwa ule mwendo wao wa pole wa kizamani, ni dakika ishirini na tano.

"Basi," alisema Jumanne ya mwisho kabla ya gwaride, akiwa amesimama mbele ya ubao. "Nitaanzisha wimbo wa kwanza, nitakwenda mpaka nishindwe, nitashusha. Halafu nitatundika kama mtu mzima."

Stash alikuwa anakaza kamba. "Sheria inasemaje?"

"Unaijua."

"Nikumbushe, mimi mpiga ngoma, kichwa kigumu."

"Atakayeshusha peke yake."

"Mko safu ngapi nyie wapiga filimbi?"

"Mbili. Sita mbele, sita nyuma."

"Na wakishusha sita?"

Kiongozi wa kikosi, mama mmoja mkali wa posta aliyewahi kuwa bosi wa Orrin, alivua miwani akaifuta, akaivaa, akamtazama Stash kama mtu aliyegundua kwamba kiti kinaweza kuongea.

"Safu ya mbele inapiga mkono wa kwanza wa wimbo, kile kipande cha mwanzo," alisema polepole. "Inashusha. Safu ya nyuma inadaka mkono wa pili. Halafu mbele tena."

"Hatujawahi kufanya hivyo," alisema mmoja.

"Hatujawahi kuwa na Orrin mwenye waya mbovu," alisema Stash. "Haya, simameni, tuna saa mbili za kujifunza mambo mapya, na jumla ya miaka mia saba ya kuyakataa."

Jumamosi jua liliwaka kama limelipwa. Vikosi arobaini vilijaa barabarani, makoti ya sufu yananuka kondoo. Mbele ya kanisa mama wa posta akainua fimbo yake, akataja wimbo. Ngoma zikanyamaza. Orrin akalowesha midomo. Lorraine alikuwa ukingoni, amekaa kwenye kile kile kiti cha kukunja, amekishika pande zote mbili kama anayepanda farasi.

Orrin akatoa sauti ya kwanza.

Ilitoka nyembamba, ikanyooka juu ya paa kama uzi. Wenzake watano wakaingia, ngoma zikaingia, wakaondoka. Meno yalikuwepo, yanavuma, lakini yanavuma kwa mbali. Mkono wa kwanza ukaisha, na kabla moto haujafika Orrin akashusha filimbi, na pamoja naye filimbi tano zikashuka kwa mpigo mmoja, na nyuma yake sita zikapokea. Sauti ikarudi nyuma, kisha ikaja mbele, kisha ikarudi, kama mtu anayebembeleza mtoto. Watu wa ukingoni waliacha kuongea. Mbele ya ofisi ya posta, alikobeba barua nusu ya umri wake, moto ulichungulia chini kushoto, kwenye pengo. Orrin aliupa salamu. Zamu yake ya kupumzika ilifika, ukapita. Akainua tena.

Walipofika uwanjani, kikosi kimoja kutoka New Jersey kilituma mjumbe kuuliza huo mtindo ni wa karne gani.

"Wa zamani sana," alijibu Stash, uso mkavu. "Ulipotea. Tumeufukua."

Mwaka uliofuata vikosi kumi na kimoja viliupiga. Mwaka wa pili yake profesa mmoja aliandika makala kueleza kwamba asili yake ni mabonde ya Uskochi. Orrin ameikata na kuiweka chooni, kwenye fremu.

Jioni ile Lorraine alimletea bakuli la mahindi na kijiko. Orrin akalisukuma, akachukua gunzi zima, akalipoza kwa kulipuliza, akala mstari mmoja, kwa upande wa kulia, polepole, kama mtu anayesoma barua. Mstari mmoja tu. Siagi ikamfika kwenye kiwiko.

Kisha wakaenda ukumbini. Wenzake wote walikuwa wameshika bia, na walipomwona anaelekea kwenye ubao wakaanza kutazama viatu, kwa mazoea. Orrin akatoa kikopo mfukoni. Jino alikuwa amelifunga uzi tayari. Akalitundika kwenye msumari wake, akarudi nyuma hatua mbili kuangalia kama limekaa sawa.

"Limependeza," alisema Stash. "Lina tabia kuliko mwenyewe."

Lingali pale. Wageni huliuliza, na kila mmoja hupewa hadithi tofauti; mimi nimewapa hii kwa sababu ndiyo fupi. Na siku za ukungu, likiwa limening'inia ukutani hatua kumi kutoka mdomoni mwake, jino lile humuuma Orrin. Yeye hulitupia jicho, akalowesha midomo, akaanzisha wimbo.